Kufuli la Tatu

Mkono wa Dizeli bado uko juu ya ule mlango wa chuma, wasomaji wangu. Tangu wiki iliyopita haujasukuma wala haujashuka, na wengine wenu mmeniletea maneno makali kwa kumwacha mwanamume wa watu amesimama vile siku saba nzima. Haya, leo tunaushusha.

Kwa wewe uliyekosa gazeti, nakupa kwa mkato. Dizeli ni mkuu wa zamu katika kituo cha majenereta, kile chenye mabomba manne ya moshi kinachowasha jiji zima. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelitumia. Kazini ananuka dizeli, harusini ananuka dizeli. Leo asubuhi mkewe, Mama Pacha, ambaye ni fundi wa swichi, alimuaga kwamba anakwenda kumwona shangazi yake mgonjwa. Mchana Dizeli akavuka ua kwenda chumba cha swichi kuazima fyuzi. Pale, kwenye swichi ya laini ya umeme wa mvuke, akakuta makufuli mawili yametundikwa kwenye ndoano moja. Jekundu la mkewe, na la buluu la mhandisi Marashi.

Nyuma ya mlango wa chuma, mwanamke akacheka.

Huenda unajiuliza makufuli yana ubaya gani. Kila fundi wa umeme ana kufuli lake, rangi yake na ufunguo wake mmoja. Kabla hajaingia chumba cha transfoma, analitundika kwenye ndoano ya swichi. Likiwa pale, swichi haiwashiki hata rais akija na walinzi wake. Akitoka, analifungua mwenyewe. Kufuli likiwepo, mtu yumo ndani. Ndoano ikiwa tupu, hamna mtu. Na hakuna anayegusa kufuli la mwenzake, hata kwa utani.

Kwa hiyo Dizeli hakuhitaji mmbeya. Mkewe yumo humo. Marashi yumo humo. Shangazi, kama kweli anaumwa, basi anaumwa peke yake.

"Marashi, acha bwana! Mbavu zangu!"

Ilikuwa sauti ya Mama Pacha, na kicheko kikafuata, kirefu, cha kutoka tumboni. Nyumbani mkewe hucheka kwa kipimo, kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha wageni. Kumbe kicheko chote kilikuwa kinawekwa akiba kwa ajili ya mwingine!

Na huyo mwingine ni nani? Mhandisi wa mvuke. Shati jeupe, leso iliyonyunyiziwa manukato, viatu ambavyo havijui tope. Miaka ile aliwahi kupeleka posa kwa kina Mama Pacha, akakataliwa. Dizeli anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekubaliwa. Lakini mwanamume akishikwa na wivu hajiulizi nani alishinda. Anajiuliza kwa nini aliyeshindwa bado anajipulizia marashi kila asubuhi.

Tena kulikuwa na huo mvuke wenyewe. Marashi alichimba visima kule bondeni, akakuta maji yanachemka chini ya ardhi, na tangu siku hiyo ofisi nzima haikuimba wimbo mwingine. Mvuke wetu, mvuke wa nyumbani, mvuke hauletwi na meli. Walipozungumza hivyo walitazama mabomba ya moshi ya Dizeli kama watu wanaomtazama mzee aliyechelewa kufa.

"Alianza na mashine zangu," Dizeli alinong'ona. "Sasa amefika kwa mke wangu."

Mnadhani aliupiga mlango teke? Hata mimi nilidhani. Nilikuwa nimeshaandaa teke lenyewe. Lakini Dizeli alishusha mkono taratibu, akaupeleka kiunoni, akachomoa kufuli lake jeusi.

Akalitundika kwenye ndoano, juu ya yale mawili. Kaa!

"Tuone huo mvuke wako utapita wapi," alisema, akatia ufunguo mfukoni na kuondoka zake.

Nilimpigia kelele, wallahi. Lakini lini mwandishi aliwahi kusikilizwa na watu wake?

* * *

Kituoni kwa Dizeli mashine moja tu ndiyo ilikuwa inanguruma. Tatu zilikuwa kimya, zimefunikwa maturubai. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo tu chini kabisa ndani ya tangi, na kila siku waliambiwa meli imefika, meli inasubiri nafasi, meli itashusha kesho. Dizeli alipita katikati ya mashine zake akizigusa moja moja. Alizoea kuziita wanangu, na pacha wa nyumbani walishamlalamikia kwa jambo hilo.

Simu ikalia. Mlio mmoja mfupi.

Simu ya kituo na simu ya chumba cha swichi ni waya mmoja wa zamani. Milio miwili ni ya Dizeli. Mmoja ni wa chumba cha swichi, na mtu mwenye adabu anaiacha ilie. Dizeli alikuwa mtu mwenye adabu mpaka saa tisa ya mchana huo. Sasa aliuinua mkono wa simu polepole, akafunika sehemu ya kusemea kwa kiganja, akasikiliza.

"Mama Pacha?" Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi wa shirika la umeme. "Mmefikia wapi?"

"Tumemaliza, Mkurugenzi. Tumetoka sasa hivi. Transfoma ya mvuke iko tayari."

"Alhamdulillahi. Hakuna mtu wa dizeli aliyejua?"

"Hakuna." Mama Pacha akashusha sauti. "Hata mume wangu. Umenifanya nimdanganye, Mkurugenzi. Nimemwambia nina shangazi mgonjwa, nami shangazi zangu wote wananishinda kwa afya."

"Nililazimika. Muuzaji ana masikio ndani ya kile kituo, na sijui ni ya nani."

Muuzaji, wasomaji, ni ile nchi inayotuuzia mafuta. Jina lake halitamkwi ofisini, kama mtu anavyoepuka kumtaja mwenye nyumba wakati kodi imechelewa.

"Kwa hiyo ni kweli?" Mama Pacha aliuliza. "Meli hazishushi?"

"Zimetia nanga, mabaharia wanavua samaki. Muuzaji amesema hashushi tone moja mpaka tukubali askari wake wapige kambi bandarini. Sahihi ni leo saa kumi. Mawaziri wamekwishakaa, kalamu iko mezani. Hospitali zetu, pampu za maji, hata redio za jeshi letu, vyote vinakunywa mafuta yake. Ametushika koo, dada yangu, na koo tulimpelekea wenyewe kila mwezi pamoja na ahsante. Lakini jiji likiwaka kwa mvuke kabla ya saa kumi, naingia mle ndani nawaambia warudishe kalamu mfukoni."

Dizeli alikaza kiganja juu ya sehemu ya kusemea.

"Niliomba mara mbili nimwambie yeye peke yake," Mama Pacha alisema. "Ukakataa mara mbili."

"Ukalia, nakumbuka. Nisamehe. Marashi mwenyewe alipata taabu kukunyamazisha."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungetupa simu ukakimbilia kufungua kufuli lako, siyo? Dizeli alisikia habari za askari wa kigeni bandarini, akasikia koo la taifa limeshikwa, na kati ya maneno yote hayo akachagua moja la kushika. Marashi alimnyamazisha. Alimnyamazisha vipi? Kwa maneno, au kwa ile leso?

"Basi washeni," alisema Mkurugenzi.

"Hatuwezi."

"Hamuwezi?"

"Mume wangu yumo ndani."

Mashine iliendelea kunguruma. Dizeli aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Mumeo amefuata nini humo?"

"Sijui! Tumetoka, tumefungua makufuli yetu, tumekuta na lake. Jeusi. Nalijua, linalala kwenye meza ya kando ya kitanda chetu. Labda aliona tunafanya kazi akaja kutusaidia, ndivyo alivyo, hajui kupita kazi ya mwenzake. Tumemwita na haitiki."

Sauti nyingine ikaingia kutoka pembeni, nyororo, iliyopigwa pasi. "Mkurugenzi, Marashi hapa. Hayumo. Tungemwona. Namjua huyu bwana, amelitundika kwa hasira akaenda kununa mahali. Nina mkasi wa kukatia chuma kwenye gari. Nikate?"

Dizeli alitukana kimoyomoyo. Hakuna kinachouma kama kujulikana vizuri na mtu usiyempenda.

"Kata," alisema Mkurugenzi. "Muda unakwisha."

"Hakuna atakayekata!" Mama Pacha alipaza sauti hadi waya ukakwaruza. "Ile transfoma ni kubwa kama nyumba, sisi tulikuwa upande huu tu. Anaweza kuwa upande wa pili ameanguka. Anaweza kuwa amezimia kwa joto. Kufuli la mtu lipo, mtu yupo. Hiyo sheria mnatufundisha nyinyi wenyewe!"

"Mama Pacha, nchi nzima inakungoja."

"Nchi naipenda, Mkurugenzi. Nimefanya kazi tangu asubuhi bila kula kwa ajili yake. Lakini siiwashi kwa kumchoma mume wangu. Anayetaka kukata aanze na mkono wangu."

Neno moja tu lilitakiwa, wasomaji. Nipo. Herufi nne. Mdomo wa Dizeli ulikuwa umeshafunguka.

Akanyamaza.

Alinyamaza kwa hofu kwanza. Angeanzaje kueleza kufuli lile? Siku ambayo Muuzaji ana masikio kituoni, mkuu wa zamu wa dizeli amefunga njia ya mvuke kwa mkono wake; nani angeamini kwamba ni wivu tu? Watu wamefungwa kwa madogo kuliko hilo.

Sababu ya pili ilikuwa mbaya zaidi, nami siwafichi. Alinyamaza kwa raha. Maneno yale yalikuwa matamu, na aliyekuwa amesimama pale akiyasikiliza ni Marashi. Dizeli alitaka Marashi ayasikie yote. Alitaka ayasikie tena. Kwa miaka mingi amelala na wasiwasi kwamba mkewe alichagua vibaya na anaona haya kusema, na sasa mkewe anawakatalia Mkurugenzi na mawaziri kwa ajili yake. Acha aseme kidogo tu. Acha aongeze moja.

Hakuongeza. Waya ulilia ka! upande mmoja, ukalia ka! upande wa pili.

"Nipo!" Dizeli aliondoa kiganja. "Mkurugenzi! Mama Pacha! Nipo huku kituoni!"

Simu ilimvumia sikioni. Akapiga chumba cha swichi. Ikalia, ikalia, haikupokewa. Akapiga ofisini kwa Mkurugenzi, akaambiwa ameshaingia kwenye mkutano, tena kwa sauti ya mtu anayekula.

Akakimbia.

* * *

Dizeli si mtu wa kukimbia. Tumbo lilitangulia, miguu ikafuata. Akavuka ua, akapita uwazi wa kwenye uzio ambao mafundi huutumia kukwepa getini, na njia nzima wivu ulikimbia naye bega kwa bega. Kwa nini hawapokei simu? Mkewe analia, hilo hapana shaka. Na akilia, yuko nani pale? Leso iko mfuko gani? Alijiona tayari anaingia na kukuta kichwa cha mkewe kiko kwenye shati jeupe.

Akasukuma mlango wa nje. Hamkuwa na mtu.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Kiti kimelala. Chupa ya maji imemwagika chini. Mlango wa chuma wa chumba cha transfoma umerudishiwa. Nje, mahali ambapo gari la Marashi husimama chini ya kibao cha hatari, palikuwa na alama za matairi tu.

Aliitazama ndoano. Kulikuwa na kufuli moja, jeusi, lake. Lile jekundu halipo. Lile la buluu halipo.

Aliijua ile sheria kama anavyojua kope zake. Hakuna kufuli, hakuna mtu. Basi wameondoka. Wameondoka pamoja, ndani ya gari moja, vioo juu.

"Kumbe," alisema. Akacheka kicheko kibaya. "Dakika ile ananililia, dakika hii yuko kwenye kiti cha mbele cha mwenzangu."

Alitupia macho saa ya ukutani. Saa kumi haikuwa mbali. Na hapo, wasomaji, wazo likamwingia ambalo lingekuwa zuri kabisa kama lingetoka kwenye moyo mwingine. Jiji litawaka kwa mvuke, lakini halitawashwa na Marashi. Litawashwa na Dizeli. Mkurugenzi atauliza nani aliyewasha, ataambiwa Dizeli. Askari wa Muuzaji watarudi na mahema yao, nani kawarudisha? Dizeli, mtu wa mashine za zamani, anayenuka. Na mkewe, popote alipo na yeyote aliye naye, ataona taa zinawaka na itabidi aulize ni mkono wa nani.

Akatoa ufunguo. Kufuli jeusi likafunguka bila ubishi. Akalichomoa kwenye ndoano, akalishika mkono wa kushoto, akainua simu kwa wa kulia.

"Kituo kikuu. Chumba cha swichi hapa."

"Nani mwenzangu?"

"Dizeli."

"Dizeli kwenye mvuke?" Mzee wa kituo kikuu, anayetoa ruhusa ya kuwasha laini zote, alicheka kwa pua. "Haya, dunia ina mambo. Ndoano?"

"Tupu."

"Rudia."

"Ndoano tupu. Hakuna kufuli hata moja."

"Nimekusikia. Ndoano tupu, hakuna kufuli. Laini ya mvuke, washa."

Dizeli akabonyeza kitufe.

Swichi kubwa haziwaki papo hapo kama taa ya sebuleni. Kwanza mota ndogo nyuma ya bati inakaza springi, taratibu, kwa mlio wa kukereza. Springi ikikaza mpaka mwisho inajifyatua yenyewe, na umeme unapita. Ikishaanza haina kitufe cha kurudi. Walioiunda hawakuona sababu. Mtu hafiki kwenye kitufe hicho kabla hajaangalia ndoano.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Dizeli alihisi nafuu. Alisikiliza mota ikikereza, akawaza taa za hospitali, akawaza pampu zikivuta maji, akawaza Marashi akishuka kwenye gari na kukuta kazi imekwisha. Akawaza mkewe akicheka tena, safari hii kwa ajili yake.

Mlango wa nje ukafunguliwa kwa kishindo.

Alikuwa Marashi. Lakini Marashi gani! Shati limejaa vumbi, kifundo cha mkono kinatoka damu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alinuka jasho kama watu wengine. Alimwona Dizeli, akasimama kama aliyekutana na maiti njiani.

"Umetokea wapi? Umetokea mlango gani?"

"Mimi ndiye nikuulize," Dizeli alisema. "Mke wangu umemficha wapi?"

"Hujakutana naye?" Marashi alimkamata bega. "Ndugu yangu, niambie mmekutana. Nimezunguka na gari kwenda kumfungulia mlango wa nyuma wa chumba, umeshika kutu, umenikatalia. Nilidhani ameshakupata."

"Amenipata wapi? Yuko wapi?"

Marashi aliuonyesha mlango wa chuma.

"Ameingia kukutafuta."

"Muongo." Sauti ya Dizeli ilikuwa imepanda kama ya mtoto. "Ameingiaje? Hakuna kufuli lake! Ndoano ilikuwa na langu tu!"

"Nilimwambia alitundike. Nilimshika hata mkono. Akasema usinicheleweshe, la mume wangu linanitosha."

Kufuli lenyewe lilikuwa kwenye kiganja cha Dizeli, limeachama, na nyuma ya bati springi iliendelea kukaza.